Diski au janti? Tuanze na mteremko

Katika fakulte yetu, mtu akisema anataka kununua baiskeli ya milimani, wenzake humuuliza kwanza kama ina freni za diski. Zile zinazobana janti zimekwisha kuitwa za kizamani, hata na watu ambao hawajawahi kutelemka nazo Kadutu siku ya mvua. Mimi pia niko upande wa diski, ila si diski yoyote, wala si kwa kila mtu.

Kwa Bukavu hoja kubwa ni maji na matope. Freni ya janti hubana gurudumu palepale linapopita kwenye dimbwi. Janti ikilowa, vipande vya mpira huteleza mpaka viifute maji kwanza, na kwenye mteremko mizunguko hiyo michache yatosha kumfikisha mtu mbele ya basi. Janti za chuma, zile za baiskeli nzito za mizigo, ndizo mbaya zaidi. Tena mchanga ulionaswa kwenye mpira huisaga janti polepole, na mteremko mrefu wenye mzigo huipasha moto mpaka mpira wa ndani waweza kupasuka. Diski iko katikati ya gurudumu, mbali na tope, na joto lake haliufikii mpira. Hata gurudumu likipinda kidogo, inaendelea kushika.

Lakini diski ni za namna mbili, ya kable na ya mafuta, na hapo ndipo msemo wetu unaponivutia. Sote husema "freni imekatika". Hata gari, ambalo freni zake hutumia mafuta, twasema limekatika freni. Kitenzi hicho kinaifaa kable: nyuzi zake huanza kukatika moja moja, unaziona, unabadilisha. Freni ya mafuta haina cha kukatika namna hiyo. Hewa ikiingia katika mrija, mkono wa freni huwa laini na kuzama mpaka unagusa usukani, na mwenye kungoja kitu kikatike haoni dalili. Kuitoa hewa hiyo kunahitaji vifaa vyake, pamoja na mafuta ya aina ileile aliyotaja mtengenezaji. Shimano hutumia mafuta ya madini. Wengine hutumia ya freni za gari, na ukiyabadilisha unaharibu mipira ya ndani. Fundi wa kando ya barabara ana kable. Vifaa hivyo vingine sijaviona kwake.

Hoja ya ukarabati naiona nzito kuliko nguvu ya freni yenyewe. Chukudu za Kivu ya Kaskazini hushuka na magunia kwa kukanyaga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma. Ni freni dhaifu, lakini mwenye chombo huitengeneza mwenyewe njiani.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekaa kilimani na achukue diski ya kable. Anayekaa Uvira au Kindu, kwenye tambarare, sioni kwa nini alipe zaidi. Janti ya alumini na freni nzuri zamtosha. Vilevile anayebeba mawese. Mafuta yakidondokea vipande vya diski, hunyonywa na freni haishiki tena, lakini janti na mpira wake husafishwa kwa sabuni.

Na wale wanaosema watanunua ya bei ndogo kisha watie diski baadaye, waangalie fremu kabla ya kulipa. Isipokuwa na mahali pa kufungia, na kitovu cha gurudumu kisipokuwa na nafasi yake, haitaingia. Vipande vya diski navyo havilingani umbo: nunua jozi mbili siku ileile, katika duka lilelile.