Jina Hudanganya, Muhuri Hushuhudia

Wako watu Uingereza, Ubelgiji na Marekani ambao mapenzi yao ni kukusanya bunduki kongwe za marisau, zile za mitutu miwili walizowindia babu zao kwale na bata mwitu. Nimeyafuatia mazungumzo yao kwa muda, nami naona wageni wa mambo haya huuliza kwanza: fundi wake nani? Wakishasoma jina lililochorwa ubavuni, hutosheka. Hapo ndipo wanapopotea.

Jina huchorwa na yeyote. Mwishoni mwa karne ya 19, Marekani iliingiziwa bunduki rahisi za Ubelgiji zilizoandikwa "W. Richards", mnunuzi apate kumdhania Westley Richards, fundi mashuhuri wa Uingereza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata ile mitutu ya nakshi iitwayo "Damaski", ya chuma na pua vilivyosokotwa pamoja, mingi ilifuliwa Birmingham na Liège, wala haikuiona Sham.

Shahidi wa kweli yuko chini ya mitutu, nawe humwoni mpaka uibandue kitakoni. Hapo ndipo penye mihuri ya nyumba za majaribio. Ya Birmingham iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Ya Liège hupiga herufi ELG ndani ya duara refu. Mtutu ulishindiliwa baruti kupita kipimo cha kawaida, ukafyatuliwa; uliostahimili ndio uliopigwa muhuri.

Na jambo hili si la mapambo. Bunduki nyingi za zamani zilijaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake. Uingereza ilianza kutia muhuri wa baruti isiyo na moshi mwaka 1896. Atiaye risasi za leo katika mtutu usio na muhuri huo aweza kupasukiwa mkononi, akapoteza vidole au macho.

Wako wasemao, "Yangu ni ya kutundikwa ukutani tu." Haya, wewe wajua. Je, mjukuu atakayeirithi ataambiwa na nani?

Hata muhuri nao hushuhudia siku ile uliyopigwa. Baada yake kutu hula, na msasa wa mafundi hupunguza unene wa chuma. Kwa hiyo nasema: soma muhuri kwanza, kisha mpe fundi stadi apime mtutu, na jina liwe la mwisho.