Tuulizwe Matendo, Tusiulizwe Aina



Katika mkutano wa kutengeneza siku ya kutoa damu, wafanyakazi wa reli pamoja na wenzetu wa chai, yalisemwa maneno ambayo hatuwezi kuyaacha yapite. Ilisemwa kwamba wanaume wanaolala na wanaume wenzao wakatazwe kabisa kukaribia meza ya damu. Wengi walipiga makofi. Sisi wachache tuliosimama tuliambiwa tuketi, basi tunaandika.

Haja ya damu katika nchi hii ya chai haina ubishi. Oktoba 2018 basi lilianguka Fort Ternan, wakafa watu zaidi ya 50. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliwavamia watu na magari pale Londiani Junction, wakafa tena zaidi ya 50. Ongezeni akina mama wanaotokwa na damu wakati wa kuzaa, na watoto wenye malaria, wanaoletwa Kericho, Kapkatet, Longisa na Tenwek. Mwaka 2019 msaada wa Marekani kwa kazi ya damu ulikoma, na Kenya nzima ikaona upungufu. Mara nyingi jamaa wa mgonjwa huambiwa watoke wakatafute watu wa kutoa.

Wenzetu waliopiga makofi wana neno moja la haki. Wanasema damu ni kwa ajili ya mgonjwa, si kwa ajili ya kumpa mtoaji heshima. Tunakubali. Hakuna mtu mwenye haki ya kutoa damu. Mgonjwa ndiye mwenye haki ya kupata damu safi. Wala hatusemi kwamba hatari haipo. Virusi vya Ukimwi vimeenea zaidi kati ya wanaume hao kuliko kati ya wanaume wengine. Damu hupimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende, lakini kila kipimo kina siku zake za upofu: mtu amekwisha kuambukizwa, na kipimo bado hakioni. Katika siku hizo kinga ya mgonjwa ni jibu la kweli la mtoaji, basi.

Lakini ikiwa mtu atakatazwa kwa sababu ya kundi lake, tuendelee na hesabu hiyo hadi mwisho. Hesabu ya Serikali ya mwaka 2018 ilikuta virusi kwa wanawake 6.6 katika kila 100, na kwa wanaume 3.1. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya chai ya Kericho tangu 2003 ulikuta vivyo hivyo, wanawake wakiwazidi wanaume. Je, nani atasimama mkutanoni aseme wachumaji wa kike wote wasitoe damu? Hata sisi watu wa safari, pamoja na madereva wa malori, tumesemwa miaka mingi kwamba ndisi tunaosambaza ugonjwa kutoka stesheni hata stesheni. Na bwana mwenye ndoa ya kanisani na vimada watatu katika laini, yeye hupita mezani akichekewa na kupewa soda.

Tena tukumbuke kwamba kanuni hii ya kundi imekwisha kutumika juu yetu. Wakati wa vita vya pili Msalaba Mwekundu wa Marekani ulitenga damu ya watu weusi mbali na ya wazungu, ukaendelea hivyo hata 1950. Mwaka 1990 Serikali ya Marekani ilisema watu wa Haiti na wa Afrika kusini ya Sahara wasitoe damu, kwa sababu ya Ukimwi. Watu wa Haiti walijaa barabara za New York mwezi wa Aprili mwaka huo kupinga. Mwaka 1996 Waethiopia wa Israeli waligundua kwamba damu waliyoitoa ilikuwa ikitupwa kwa siri. Afrika ya Kusini, miaka kumi baada ya ubaguzi kuanguka, damu bado ilipangwa kwa rangi ya mtoaji, mpaka kelele zikaizuia. Kila mara wakubwa walisema ni kwa usalama wa mgonjwa.

Fundi wa mabehewa hagongi behewa moja na kuliacha jingine kwa sababu ya rangi yake. Hugonga kila gurudumu na kusikiliza. Nchi nyingine zimekwisha kufuata njia hiyo. Afrika ya Kusini tangu 2014, Uingereza tangu Juni 2021, na Marekani tangu 2023: kila mtoaji, mume kwa mke, huulizwa maswali yale yale. Umepata mwenzi mpya? Una wenzi wangapi? Mmefanya tendo gani, na lini? Mwenye hatari hurudishwa akangoje, awe nani awe nani.

Na hapa kwetu kuna jambo zaidi. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, tulichorithi kwa wakoloni, kinampa mtu wa namna hiyo miaka 14 gerezani, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Sasa mwulize mchumaji chai mbele ya nyapara wake kama amelala na mwanamume. Atajibu nini? Atasema hapana, atalala kitandani, atanyoosha mkono. Ninyi mnaotaka katazo kali mmejitengenezea uwongo, na uwongo huo utaingia katika painti ya damu pamoja na hizo siku za upofu. Chuki yenu haimlindi mama aliyelala Longisa.

Kama tendo hili ni dhambi au si dhambi, tulisoma misheni kama ninyi na tunajua yaliyofundishwa. Hayo na yajadiliwe Jumapili. Meza ya damu haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Tunadai mambo haya kwa siku yetu. Karatasi ya maswali iwe moja kwa wote, waume kwa wake. Maswali yaulizwe nyuma ya pazia na mwuguzi, si na karani wa kampuni, wala na ofisa wa tawi. Nyapara na msimamizi wa stesheni wakae mbali, ila kama wamekuja kutoa damu yao wenyewe. Anayerudishwa asiulizwe sababu na mtu yeyote, wala jina lake lisiandikwe ubaoni. Katibu wa tawi amekwisha kupewa madai haya kwa mkono, na ameahidi kujibu kabla ya mkutano ujao.