Macho Mekundu

Kiangazi cha mwaka 1993 hema kubwa lilisimikwa mjini Shinyanga, na vipaza sauti vikawaita watu wote waje wapokee muujiza wao. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee wa kanisa waliokaa viti vya mbele. Niliimba, nilipiga makofi, nilitoa sadaka. Nasema hayo mapema ili ndugu msomaji asidhani kwamba nimekuja kumsuta mtu mwingine. Ugomvi wa kurasa hizi ni ugomvi wangu na watu wangu, Wakristo wa Shinyanga na wa machimbo ya Geita, tunaofunga safari ndefu kuutafuta uponyaji na kumbe tumeuruka kizingitini petu.

Katika siku zile zile za hema, kanisani kwetu kijijini, upande wa Kishapu, kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekaa benchi la nyuma peke yake. Hakuna aliyemfukuza benchi la katikati. Watu walisogea tu. Akikaa yeye, wengine hukumbuka kwamba wana jamaa upande wa pili. Sote tulimwita Mayu, kama inavyotupasa kumwita mama wa umri wake, na asubuhi tulimwamkia "Mwangaluka, Mayu", lakini tulimwamkia tukiwa tunatembea.

Kisa chake kilikuwa cha kawaida mno, na huo ukawaida ndio unaonitisha hadi leo. Mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Wazazi walikwenda kwa mganga, wakarudi na jibu: aliyemla mtoto ni mwanamke mzee, mjane, anakaa upande wa machweo, ana macho mekundu. Hakutaja jina, wala hakuhitaji kulitaja. Na wazazi wale, ndugu msomaji, walikuwa Wakristo wenye kadi, waliobatizwa, waliokula meza ya Bwana pamoja na huyo huyo mama. Jumapili iliyofuata walikaa mahali pao pa siku zote. Sisi wazee tulijua walikotoka. Tulinyamaza.

Usukumani neno kama hilo halikuwa porojo. Kwa hesabu ya Serikali yenyewe, kati ya mwaka 1970 na 1984 waliouawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi walizidi 2,000, na wengi wao walikuwa wanawake. Walikatwa mapanga usiku, ndani ya nyumba zao. Mwuaji mara nyingi alikodiwa, na fedha za kumkodi zilitoka kwa watu wa karibu, pengine wenye jicho kwenye shamba la mjane au ng'ombe zake. Mganga alitoa alama, ukoo ukatoa fedha, na kanisa likaja kuzika. Tuliimba vizuri sana kwenye mazishi hayo.

Sasa tuyazungumze hayo macho. Mwanamke wa Kisukuma aliyezeeka amekaa mbele ya mafiga miaka 50 au 60, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Amepikia nini? Kuni hazikuwapo. Wakati wa ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, baadaye pamba na mifugo vikamaliza iliyobaki, na vijiji vya miaka ya 1970 vikazivuruga ngitili za wazee, yale malisho yaliyofungwa kwa msimu na kulindwa kwa desturi. Mama akabaki na mabua ya mtama, vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wa mavi ya ng'ombe nimeukalia mwenyewe. Dakika chache tu machozi yanatiririka. Yeye ameukalia maisha yake yote ili sisi tule ugali, na tulipokwisha kushiba tukamtazama usoni tukasema: macho hayo ni ya mchawi.

Je, kuna mhubiri aliyesimama mbele yetu akatueleza habari hiyo? Mimi sikumsikia, wala sikuieleza mimi. Nilikuja kuisikia kwa bwana misitu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI, ulioendelea hadi mwaka 2004, na mabwana wale wakatembea vijijini wakitushawishi tufufue ngitili na kupanda miti. Mmoja wao alikaa chini ya mti pamoja na wanakijiji akasema, kwa maneno machache, kwamba akina mama wakipata kuni nzuri na jiko lenye njia ya kutolea moshi, macho yao yatapata nafuu. Alikuwa mfanyakazi wa Serikali, wala hakufungua kwa sala. Nikakaa pale nikiwaza kwamba mtu huyu ametamka uponyaji wa bibi zetu, na sisi tumekuwa tukiwakemea. Ngitili zile zilifufuka kweli, mamia ya maelfu ya hekta mkoani. Tulimshukuru Mungu kwa mvua. Kwa bwana misitu sidhani kama tulimshukuru.

Sasa niliungame la kwangu.

Masika ya 1994 mke wangu alijifungua nyumbani usiku, na damu ikakataa kukata. Niliwaita ndugu wa kikundi cha maombi. Walikuja haraka, Mungu awabariki, wakaanza kukemea. Walisema ni pepo, na kwamba tumwangamize kabla hakujapambazuka. Nje mbuga ilikuwa imelowa. Anayeijua ile ardhi yetu nyeusi anajua kwamba masika hakuna gari linalopita, tope hushika magurudumu kama gundi. Tuliomba saa nzima, pengine zaidi. Mke wangu alikuwa anazidi kuwa baridi.

Ndipo Mayu akaingia na kibatari mkononi. Alikuwa amesikia kelele zetu. Hakuwaamkia wale ndugu. Aliniambia, "Mwanangu, damu haingoji asubuhi. Njoo tufunge ng'ombe wangu."

Alikuwa na gari la ng'ombe aliloachiwa na marehemu mumewe, na maksai wawili waliolijua tope. Mimi, mzee wa kanisa, niliyekuwa nikiomba muujiza kwa sauti ya kukauka, niliuona muujiza umesimama mlangoni umeshika kibatari, nikausitia. Nilijiuliza amejuaje. Nilijiuliza kwa nini amekuja saa hii. Niliyatazama macho yake. Sijui nilisita kwa muda gani. Mke wangu, aliyekuwa na fahamu bado, anasema ulikuwa muda mrefu. Ni yeye aliyenong'ona, "Nenda na mama."

Tulifika hospitali kulipopambazuka, Mayu akiwa mbele na fimbo, miguu imezama topeni. Waliomhudumia mke wangu walisema tungekawia kidogo tu tungefika na maiti. Mke wangu alipona, na mtoto yule leo ana watoto wake.

Laiti kisa kingeishia hapo! Jumapili ya pili baada ya hayo niliitwa kutoa ushuhuda. Nilisimama nikamshukuru Mungu, nikawashukuru watumishi waliokesha katika maombi, nikasema pepo wa mauti ameaibishwa. Kanisa zima likalipuka kwa shangwe. Sikutaja ng'ombe, wala gari, wala fimbo. Mayu alikuwa benchi la nyuma akinisikiliza, naye alipiga makofi pamoja na wengine. Kabla ya mwaka kwisha mawe yalianza kuanguka juu ya bati lake usiku. Akauza maksai, akahamia Kahama kwa binti yake. Nilipomwendea huko miaka kadhaa baadaye kuomba radhi, aliniuliza tu kama mtoto anasoma.

Kuna watakaosema: mzee, unakana miujiza? La hasha! Ninayemkana ni yule anayetuagiza muujiza uje kwa sura tuliyoichagua sisi. Someni habari za Naamani katika kitabu cha pili cha Wafalme. Jemadari mkubwa, mwenye farasi na fedha, alipata njia ya kupona ukoma kwa kijakazi aliyetekwa vitani, mtoto wa adui, asiye na cheo wala hata jina katika kisa hicho. Na alipoelekezwa mto wa kawaida alikasirika, kwa sababu alitarajia nabii atoke nje apunge mkono. Hasira ya Naamani ndiyo dini yetu ya siku hizi. Kadhalika wanafunzi wa Yesu walipokutana na yule kipofu wa Injili ya Yohana, swali lao la kwanza lilikuwa: nani mwenye kosa? Ni swali la mganga, nalo lilikataliwa pale pale.

Wengine hunionyesha Kutoka 22:18, kwamba mchawi asiachwe hai. Hao nawauliza jambo moja: ni nani aliyemthibitisha huyo kuwa mchawi? Ni mganga. Basi mnaitimiza Torati kwa ushahidi wa mganga, jambo ambalo Torati hiyo hiyo inalikataza.

Na msidhani kwamba haya ni ya vijijini kwetu peke yake. Nenda Geita kwenye maduara ya Nyarugusu na Rwamgasa, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kutafuta riziki baada ya pamba kutulaghai. Huko uchawi umebadilika sura kidogo. Kwetu hutafutwa aliyeleta kifo. Machimboni hutafutwa kiungo cha kuleta bahati. Tangu mwaka 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa Kanda ya Ziwa kwa sababu mganga kamwambia mtu kwamba dhahabu au samaki watamfuata. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alilia machozi bungeni kwa ajili yao, na mwaka huo huo mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana mmoja mwenye ualbino. Hata hivyo Februari 2015 mtoto mchanga alinyakuliwa mikononi mwa mama yake huko Chato.

Nilikwenda machimboni kumwona mpwa wangu aliyekuwa anakohoa. Jioni kulikuwa na ibada. Mhubiri alikuwa akiuza mafuta ya kupaka kwenye sururu ili mwamba ufunguke. Nilisikiliza nikaona aibu, maana tofauti kati yake na yule mganga ilikuwa chupa tu. Wote wawili wanamfundisha kijana kwamba dhahabu imefungwa na mtu, na kwamba kuna kitu cha kununua cha kuifungua. Mpwa wangu alikuwa ameombewa kifua mara tatu. Alikuwa akifanya kazi karasha, anameza vumbi la mawe kutwa, na jioni anachoma zebaki karibu na sufuria ya mboga. Nilimpeleka kupima makohozi. Ilikuwa kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bure. Alizimeza miezi sita akapona. Mhubiri aliomba aje atoe ushuhuda. Nilimwambia mpwa wangu: nenda, lakini utaje na dawa. Hakwenda.

Tumekuwa watu wa kukimbilia. Mwaka 2011 taifa zima lilikimbilia Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali nyumbani. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyafikia mafuta ya upako. Na katika mji huo huo wa Moshi, pale KCMC, yanatengenezwa mafuta mengine, ya kuwakinga wenye ualbino na jua. Maana panga huua kwa vishindo na magazeti huandika, lakini jua huua wengi kimya kimya, kwa kansa ya ngozi. Kopo la mafuta hayo, kofia pana, shati la mikono mirefu: ni vitu vinavyoweza kukaa kwenye kabati la kila kanisa. Kwaya yetu ina binti mmoja mwenye ualbino, sauti yake ni nzuri kuliko zote. Miaka mingi tulimpanga mstari wa mbele, uwanjani, saa saba mchana, ili wageni waone jinsi tulivyompenda.

Ombi langu kwa kikao cha wazee wa kanisa lilikuwa dogo. Fedha tulizochanga kwa ajili ya hema la mwaka huu, nusu yake inunue kofia na mafuta kwa watoto wenye ualbino wa kata yetu, na nusu ijenge majiko yenye bomba la moshi katika nyumba za wajane tunaowafahamu kwa majina. Niliambiwa ni wazo zuri, ila ni la kidunia, tulitafakari. Limeahirishwa mara mbili. Mwezi ujao nitaliwasilisha tena, na safari hii nitaanza kwa kuwatolea upya ule ushuhuda wangu wa 1994, pamoja na habari za ng'ombe.