Medali ya Mwele Iingie Darasani

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha Wawi, siku moja nilichapisha picha ya medali nikaibandika ubaoni. Kipindi cha Historia, saa saba mchana, jua la Pemba mnalijua. Nilitaka tu watoto wasisinzie.

Medali yenyewe Waingereza waliitoa kwa vita vyao vya Afrika Mashariki na Magharibi mwishoni mwa karne ya 19. Upande mmoja kichwa cha Malkia Victoria, upande wa pili askari wa Kizungu wanapigana na Waafrika msituni. Waliopigana Mwele walichongewa ukingoni "Mwele 1895", basi. Mwele ilikuwa ngome ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui, huko bara ya Mombasa, na Admirali Rawson aliiteka Agosti mwaka ule. Wamazrui si wageni kwetu: ukoo wao uliitawala Pemba kutoka Mombasa mpaka majeshi ya Seyyid Said yalipowang'oa miaka ya 1820. Rawson naye ndiye yule yule aliyelipiga mizinga jumba la Sultani Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Haikufika saa moja, na waliouawa na kujeruhiwa upande wetu walikuwa kama 500. Kisha Hamoud bin Mohammed, sultani aliyewekwa na Waingereza, akampa nishani ya Zanzibar. Ndiyo, umpige mtu, halafu nyumba yake ikuvishe nishani!

Nikawaambia pia kwamba medali ile ilikuwa ya fedha kwa askari, na ya shaba kwa wapagazi na watumishi. Msichana mmoja wa nyuma akanyanyua mkono: "Mwalimu, kwani mpagazi risasi ilikuwa haimpati?" Darasa likaamka. Kitabu hatukukigusa tena.

Mwalimu mwenyeji aliyekuwa akiniangalia alinivuta pembeni. "Mazuri, mwanangu, lakini hayatoki kwenye mtihani." Kweli hayatoki. Na wenzangu wa kitivo wengine wananiambia kuwaonyesha watoto medali ya mkoloni ni kumtukuza mkoloni.

Mimi naona kinyume chake. Mwaka 1741 huko Uingereza zilitengenezwa medali zinazomwonyesha kamanda wa Kihispania, Blas de Lezo, amempigia magoti Admirali Vernon huko Cartagena, Kolombia ya leo. Sasa Vernon alishindwa vita ile! Medali zilitangulia, ushindi haukuja. Mtoto akikijua kisa hicho, hatakiamini kitu eti kwa sababu kimechongwa. Atauliza nani kaichonga, nani kalipa, nani hayumo. Kesho atakiuliza kitabu cha kiada vivyo hivyo, keshokutwa ataniuliza mimi, na hapo ndipo baadhi yetu tunapoogopa, tuseme ukweli.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kuandaa zana, halafu tukifika skuli tunaishia chati ya tarehe iliyonakiliwa kitabuni. Picha moja ya medali ni karatasi moja tu. Mtihani utabaki pale pale, na dakika kumi haziwezi kuumaliza muhtasari.

Swali la yule msichana sikulijibu siku ile. Niliwaambia kila mmoja akachore medali ya mpagazi nyumbani. Kesho yake walileta, na wengi walikuwa wamechora mgongo.