Sakafu mbovu ya kuanikia hula bei ya mahindi

Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu siku chache baadaye kwa sharti la cheti kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, mazungumzo mengi yalikuwa ya mpakani. Chanzo kimojawapo kiko uani kwa mkulima: sakafu ya zege iliyochimbika. Maji husimama mashimoni, na punje za hapo hubaki mbichi wakati za pembeni zimekauka. Gunia likifungwa kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5, kuvu huendelea kuota ghalani.

Kuvunja sakafu yote si lazima iwapo zege la chini bado ni imara. Kosa la mafundi wengi ni kupaka niru juu ya vumbi. Hubanduka upesi, na mwenye sakafu amelipa bure. Palipolegea pagongwe, pasuguliwe, palowekwe, kisha upakwe uji wa saruji na kumwagwa tabaka jipya la sentimita 4 hivi kabla uji haujakauka, lenye mteremko wa kutoa maji. Limwagiliwe siku 7. Nyufa zinazoendelea kufunguka zitajitokeza tena juu. Hapo ni afadhali fedha ziende kwenye turubai.