Msalaba wa Kent na ngoma zetu

MTAZAMO WA JUMAPILI
Na Anselm Mbunda

Kando ya barabara nyembamba karibu na kijiji cha Cliffs End, Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, umesimama msalaba mrefu wa jiwe uliochongwa sura za watakatifu. Niliuzunguka polepole. Lord Granville aliusimamisha mwaka 1884 kumkumbuka Augustino (si yule wa Afrika Kaskazini), mtawa aliyetumwa na Papa Gregori Mkuu kutoka Roma, akatua pande hizo mwaka 597 na wenzake wapatao 40. Sisi tuliolelewa katika Uanglikana tulistahili kufundishwa hili tangu utotoni: Waingereza nao waliletewa dini na wageni.

Bede, mwanahistoria wa karne ya 8, anasimulia kwamba Mfalme Æthelbert aliwapokea akiwa ameketi nje, maana alihofia kurogwa akikutana nao ndani ya nyumba. Akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akajibu kwamba maneno yao ni mazuri lakini ni mageni, naye hawezi kuyaacha yale ambayo yeye na watu wake wameyashika siku nyingi. Hata hivyo aliwapa makazi Canterbury na ruhusa ya kuhubiri. Mkewe, Bertha, alikuwa tayari Mkristo, na naamini subira ya mama huyo ilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri mengi.

Mwaka 601 Gregori akatuma barua. Mahekalu ya Waingereza yasibomolewe, alisema. Sanamu ziondolewe, maji ya baraka yanyunyizwe, na watu waendelee kuchinja ng'ombe na kula karamu zao, sasa kwa kumshukuru Mungu. Anayepanda juu hupanda hatua kwa hatua.

Mababu zetu wengi hawakutendewa hivyo. Ngoma zilikatazwa, jando likaitwa ushenzi. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alishika njia nyingine: alilikubali jando, akaliingizia sala za Kikristo. Lakini hata leo nasikia wahubiri wakilaani kila ngoma bila kuuliza inachezwa kwa ajili gani, na inaniuma, kwa kuwa wanadhani huo ndio uaminifu kwa mapokeo ya Kanisa.

Mahujaji wetu wanaokwenda Canterbury wapelekwe hadi kwenye msalaba huu, si mbali. Na barua ya Gregori isomwe katika vyuo vyetu vya uchungaji, kwa Kiswahili, kabla kijana hajakabidhiwa parishi.