OFISI ZA CHUO KIKUU ZIFUNGULIWE WANAFUNZI



Twaanza na swali, na kila mwanachama alijibu moyoni mwake kabla ya kuendelea kusoma. Ni nani anayefundishwa leo kuviongoza vyuo vikuu vyetu kesho?

Mwanafunzi wa udaktari hupelekwa wodini. Mwanafunzi wa sheria hupelekwa mahakamani. Wa uinjinia hupelekwa kiwandani. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulipelekwa darasani, tukashika chaki mbele ya watoto waliojaa hadi mlangoni, naye mwalimu mzoefu amekaa nyuma na daftari lake, akiandika makosa yetu moja moja. Tuliaibika, tukasahihishwa, tukawa walimu. Hakuna aliyetuambia tungoje mvi ndipo tuguse chaki.

Lakini iko kazi moja ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu hapelekwi kujifunza, nayo ni kazi ya kuendesha chuo chenyewe. Kupanga bajeti, kuandikisha wanafunzi, kugawa vyumba vya mabweni, kutunza masjala, kuandika kumbukumbu za vikao, kusikiliza mashauri na malalamiko: yote haya hufanyika hatua chache kutoka anapolala mwanafunzi, na hayo ndiyo asiyofundishwa. Chuo huandika barua kwa kila ofisi ya nchi hii kikiomba, "Mpokeeni mwanafunzi wetu, mfundisheni kazi." Katika vyuo tulivyotembelea sisi, tulipouliza uko wapi mpango wa kumpokea mwanafunzi huyo huyo katika ofisi za chuo, hatukuonyeshwa mpango. Tulionyeshwa kijana mmoja huku na mwingine kule, walioingia kwa kujuana.

Twasema wazi: jambo hili ni kosa, na kosa hili lina watu wanaoliumia na watu wanaofaidika nalo.

KISA CHA UPANDE WA PILI WA DIRISHA

Tuwaelezeni tuliyoyaona. Msimu wa kuandikisha uliopita tulikaa siku nne katika chuo kimoja. Hatukitaji, maana hatutafuti kumwaibisha mtu. Alikuwapo binti mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka bara, ambaye wazazi wake waliuza mahindi ya akiba ili apate ada ya kuanzia. Jina lake halikuwamo katika orodha ya mabweni. Dirisha la uhasibu lilimwambia aende kwa Mshauri wa Wanafunzi. Kwa Mshauri akaambiwa aende masjala. Masjala wakamrudisha uhasibu. Siku mbili alizunguka hivyo, usiku akilala sakafuni kwa wenzake, na siku ya tatu alikuwa amekwisha funga sanduku lake arudi kwao.

Aliyemwokoa ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye karani mmoja mwenye huruma alimruhusu kusaidia pale dirishani. Kijana aliitazama risiti, akaona kwamba malipo yalifanywa kwa namba ya zamani ya malipo badala ya mpya, akaeleza la kufanya. Kazi ya dakika tano! Sababu ni nini? Ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuzungushwa vile vile, kwa hiyo alijua shimo liko wapi.

Jioni ile alikuja bwana mkubwa mmoja, akauliza huyu ni nani. Kijana akaambiwa atoke, ati mwanafunzi hana ruhusa ya kukaa upande ule wa dirisha. Kesho yake foleni ikarudi kuwa ndefu kama jana.

Hatuwalaumu makarani. Tuliwaona, wachache mbele ya umati, wakila mihogo yao wamesimama. Tunaulaumu utaratibu unaoona ni hatari mwanafunzi kuvuka dirisha, lakini hauoni hatari mwanafunzi kurudishwa kwao kwa kosa la namba.

NANI ANAFAIDIKA?

Msidhani kwamba kazi ya utawala haifundishwi popote. Inafundishwa. Mtoto ambaye baba yake ni mkurugenzi husikia mezani, wakati wa chakula, jinsi bajeti inavyopitishwa, jinsi barua inavyoandikwa ili isirudi, na mlango upi hugongwa kwanza. Akifika chuoni anajua tayari. Mjomba wake akiandika kimemo, ofisi inampokea. Akimaliza shahada, anaandika katika maombi yake ya kazi kwamba ana uzoefu. Na mtoto wa mkulima je? Ana shahada ile ile, pengine amempita kwa alama, lakini anaulizwa, "Uzoefu wako uko wapi?"

Mkoloni alilijua jambo hili vizuri. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilifungua shule ya Tabora, na ilifikiri kwanza watoto wa machifu, kwa kuwa ndio aliotaka wamsaidie kutawala. Aliyetakiwa kutawala alianza kufundishwa angali kijana. Sisi tulipigania uhuru tukisema kwamba kutawala si urithi wa ukoo. Je, yafaa sasa tuurudishe urithi ule kwa njia ya vimemo?

Tukumbuke pia tulikotoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, mtu wa Canada. Mwaka 1965 ndipo Dakta Wilbert Chagula, mwananchi, alipokishika. Hatusemi haya kumtukana mgeni aliyetusaidia. Twasema kwamba nchi yetu ilikwisha onja taabu ya kuwa na nyumba yake bila kuwa na watu waliozoezwa kuiendesha.

MAFUNZO YA 1966, 1971 NA 1978

Wako wanaosema kwamba wanafunzi ni watu wa fujo, wasikaribishwe ofisini. Tuitazame historia bila woga.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kulipinga Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kwa sababu ya makato ya mishahara. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300, na siku ile ile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Sisi hatuwatetei waliokataa kulitumikia taifa lililowasomesha. Lakini tunauliza: nani alikuwa amewaketisha vijana wale mbele ya hesabu za nchi, au hata hesabu za chuo chao, wakaona kila shilingi inatoka kwa nani na inakwenda wapi? Mtu hawezi kuuonea uchungu mfuko ambao hajapata kuuona ndani.

Mwaka 1971, miezi michache baada ya Mwongozo wa TANU kukemea majivuno ya viongozi, rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi. Alifukuzwa, na askari wakamtoa chuoni kwa nguvu. Masomo yakasimama. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za viongozi, na tena zaidi ya 300 wakafukuzwa.

Mara tatu, na kila mara sababu yake. Lakini katika zote tatu upande mmoja ulikuwa ndani na upande mwingine nje, na katikati hapakuwa na watu waliozijua pande zote mbili. Aliye nje huona kila uamuzi ni hila. Aliye ndani huona kila swali ni uasi.

Mtatuambia kwamba leo wanafunzi wana wawakilishi katika Baraza la Chuo na katika Seneti. Ni kweli, nasi tunaupongeza utaratibu huo. Lakini mwakilishi ni mgeni wa karamu: huona wali, haoni moshi wa jikoni. Huitwa siku ya kikao, hupewa makabrasha mazito, husema neno lake, huondoka. Kazi yake ni kudai, na kudai ni haki. Kujifunza kazi ni jambo jingine, nalo lina mahali pake.

TUWAJIBU WANAOPINGA

Wa kwanza husema, "Siri za chuo zitatoka." Ndugu zetu, wanafunzi wa udaktari huwatazama mama zetu wakiwa wagonjwa na wazazi wakiwa na uchungu, nasi twawaamini. Mtu anayeaminiwa na mwili wa mama yako hawezi kuaminiwa na orodha ya vitanda? Karatasi za mitihani, majalada ya matibabu na mashauri ya nidhamu ya wenzake yafungiwe; hilo tunalikubali. Mengine si siri, ni mazoea tu ya kuficha.

Wa pili, na huyu ni kijana mwenzetu, husema, "Watanunuliwa, wawe vibaraka wa uongozi." Hofu hii ina maana, wala hatuicheki. Dawa yake ni uchaguzi wa hadharani, muda mfupi, na katazo kwamba aliye katika mafunzo haya asishike wakati huo huo uongozi wa serikali ya wanafunzi, wala wa tawi la chama chochote. Ndiyo, hata chama chetu. Tukitaka wengine wajifunge, tujifunge na sisi.

Wa tatu husema, "Mtawanyang'anya makarani kazi." La hasha. Hatutaki kijana wa bure awekwe mahali pa mfanyakazi. Chama cha wafanyakazi kikae mezani tangu siku ya kwanza, na nafasi ya mafunzo isihesabiwe kuwa nafasi ya ajira.

Wa nne husema, "Halijapata kufanyika." Limefanyika. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, kiko chuo cha Berea, kilichoanzishwa mwaka 1855. Hakitozi karo ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi ya chuo isiyopungua saa kumi kwa wiki, wengine wakiwa katika ofisi. Mwaka 1964 serikali ya Marekani nayo ilitunga sheria ya kusaidia kulipa ujira wa wanafunzi wanaofanya kazi vyuoni mwao. Hatusemi tuige kila lao. Lakini sisi wenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, tulikwisha sema kwamba shule ni jamii inayofanya kazi, na kwamba wanafunzi washiriki katika maamuzi ya kazi hiyo na mapato yake. Tulilisema kwa shamba la shule. Kwa nini tusilitimize kwa ofisi ya chuo kikuu?

TUNAYODAI

Kwanza, kila chuo kikuu kitenge nafasi za mafunzo kila mwaka katika ofisi zake: masjala, uhasibu, mabweni, maktaba, mipango, kwa Mshauri wa Wanafunzi, na katika ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo. Majuma yale ya mafunzo kwa vitendo yatoshe kuwa mwanzo.

Pili, wanafunzi hawa walipwe posho. Bodi ya Mikopo imekwisha kubali kwamba mafunzo kwa vitendo yana gharama. Chuo nacho kikubali. Bila posho, nafasi hizi zitachukuliwa na watoto wanaolishwa na baba zao mjini, nasi tutakuwa tumejenga ule ule ukuta tunaotaka kuuvunja.

Tatu, nafasi zitangazwe ubaoni, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe hadharani pamoja na sababu. Kimemo kikionekana, mwenye kimemo afutwe.

Nne, kazi iwe kazi. Hatumpeleki kijana ofisini akachemshe chai na kubeba mafaili mpaka muda uishe. Awe na mfanyakazi mzoefu wa kumwongoza, akae nyuma ya kikao na kuandika kumbukumbu, ashike hesabu ndogo na kuitolea taarifa, akosee na kusahihishwa, kama tulivyosahihishwa sisi na chaki mkononi.

LAWAMA YETU WENYEWE

Haitakuwa haki kuwanyoshea wengine kidole bila kujitazama. Sisi waandaaji wa chama tumewaita wanafunzi mara nyingi: waje kuimba, waje kujaza uwanja, waje kuvaa fulana. Ni mara ngapi tumewaketisha na kuwafundisha kusoma bajeti ya wilaya? Tumewafundisha kupiga makofi, kisha twashangaa kwamba hawajui kuongoza. Ofisi za chama nazo zifungue milango yake, na zianze mwezi huu.

Kila tawi lililo karibu na chuo kikuu lipeleke barua moja fupi yenye swali moja: "Mwaka huu ofisi zenu zimepokea wanafunzi wangapi wa mafunzo, na walichaguliwa vipi?" Jibu lisomwe katika mkutano wa tawi, kisha litumwe kwetu, nasi tutalichapa kama lilivyo. Chuo kinachofanya vizuri tutakisifu kwa jina. Kisichojibu, tutachapa barua yetu na tarehe tuliyoipeleka.

Yule binti wa foleni yuko darasani leo. Amebaki kwa sababu siku ile, kwa saa chache tu, mwanafunzi mwenziwe alikuwa amekaa upande wa pili wa dirisha. Twataka akae pale kwa haki, si kwa huruma ya karani.